Barua kwa mwanangu: ziwa si bahari

Mombasa, 25 Juni 2026

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo. Ile sauti uliyomtumia mamako nimeisikiliza mara tatu. Umesema sikukuu ya Julai 4 hamtakuwa kazini, mmekodi nyumba ng'ambo ya mpaka wa jimbo lenu la Massachusetts, huko New Hampshire, kando ya ziwa Winnipesaukee, watu tisa, na boti. Mamako alifurahi. Mimi nilisikia boti, yaliyofuata sikuyasikia tena.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanijibu "sawa baba" kisha ukate.

Wiki iliyopita tumechanga tena hapa mtaani. Kijana wa watu, amezama huko huko Marekani, alikwenda kuogelea na wenzake. Kila joto likianza kwenu, huku huja ujumbe wa mchango wa kurudisha maiti. Nilitoa nilichokuwa nacho, nikakaa barazani hadi adhana ya alasiri.

Najua utasema wewe ni mtoto wa pwani. Ndilo linalonitia hofu. Wenzako wa bara wakiona maji wataogopa, wewe hutaogopa. Lakini bahari uliyoizoea ina chumvi, na chumvi inakubeba. Maji baridi ya ziwa hayakubebi vile. Pale ulipozoea kupumzika ukaelea, kule utajikuta unafanya kazi. Tena juu maji yatakuwa yamepigwa na jua, ukiyagusa utaona mazuri, chini ni baridi ya kukata pumzi. Mtu akirukia ndani ghafla huvuta pumzi bila kutaka, na kama kinywa kiko majini, amevuta maji. Usirukie kichwa. Ingia kwa miguu, polepole, mwili uzoee. Wala usiende katikati eti kwa sababu maji yametulia.

Na uvae jaketi la kuokolea. Usiliweke karibu, livae, ulifunge vifungo vyote tangu mnatoka gatini. Ya siku ile ya Mtwapa sina haja ya kukukumbusha. Nataka kusema hili tu, kwamba jaketi zilikuwepo. Zilikuwa chini ya staha, zimefungwa kwa kamba zisipeperushwe na upepo. Watu niliwaambia ni wimbi, na lilikuwa wimbi dogo. Yule mtoto wa mgeni hakupiga kelele, na wewe ndiye uliyemwona, ukiwa na miaka kumi na nne. Sidhani nimewahi kukuambia chochote juu ya hilo.

Siku hizi kila abiria avae ndipo ning'oe nanga. Anayekataa namrudishia nauli yake.

Anayezama hana pumzi ya kuita. Kichwa humwenda nyuma, kinywa kikawa sawa na maji, mikono ikayakandamiza maji kama mtu anayepanda ngazi. Ukimwona mwenzako hivyo, usimrukie, atakukumbatia mzame wawili. Mtupie jaketi, kamba, hata lile sanduku la barafu, linaelea. Wewe siku ile ulirukia, na Mungu alikusitiri. Mara moja yatosha.

Kisha uliza nahodha ni nani. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na nahodha aliyelewa ni mbaya zaidi. Wewe najua hunywi, au sijui, sikuulizi, uko mbali na una miaka ishirini na sita. Lakini boti ikiongozwa na mtu aliyekwisha kunywa, shuka. Waache wakucheke. Na gari vile vile. Umesema utatoka zamu ya usiku asubuhi, kisha uendeshe. Lala kwanza. Ziwa halihami.

Mengine kwa ufupi. Fataki: hapo Massachusetts ni haramu kisheria mtu binafsi kuwa nazo, hata vile vijiti vya cheche, na New Hampshire wanauza madukani. Usikubali gari lako lizirudishe kwenu Lowell hata moja. Karatasi zako za uhamiaji bado, na polisi wa barabarani hatajali ni za nani. Vile vijiti watu huwapa watoto kuchezea, kumbe moto wake wapita nyuzi 1,000, alumini huyeyuka. Na fataki iliyokataa kulipuka isiwashwe tena, iachwe, kisha imwagiwe maji mengi. Mwaka huu wanatimiza miaka 250 tangu wajitangazie uhuru 1776, watalipua kuliko kawaida. Tazameni za mji, ziko juu angani na wenye kuzirusha wamefunzwa.

Jiko la makaa likae nje. Usiku kukiwa na baridi, mtu asiliingize ndani eti makaa yameshapoa. Unajua huku bara Julai watu hulala na jiko ndani wasiamke.

Huku ni kusi. Bahari imechafuka, chombo nimekipandisha pwani nakikalafati, pamba na sifa mikononi kutwa nzima. Mamako goti limepungua kuuma tangu aanze zile dawa alizomletea ami yako. Dadako amekuwa wa tatu darasani, karo yake uliyotuma imefika, risiti ninayo. Nilikugombeza mwezi wa Machi kuwa umetusahau, na hukunijibu. Baadaye mamako akaniambia ulikuwa ukifanya kazi zamu mbili. Ungenieleza. Au ningeuliza.

Paa la jikoni linavuja upande wa kisima. Fundi ametaka shilingi elfu kumi na nane. Usitume mwezi huu. Hizo nunua jaketi lako mwenyewe, la kipimo chako, maana ya kukodi huwa yamelegea na vifungo vimekatika. Mimi nimeweka turubai, na mvua zimeanza kupungua.

Jumamosi hiyo mkitoka majini nipigie. Jua lenu linakuchwa saa mbili na nusu za usiku, huku itakuwa saa tisa na nusu, nitakuwa macho. Simu ya mamako usipige, itamwamsha. Piga yangu.

Babako