Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: mchanganuzi wa takwimu apimwe kwa rejista

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekaa miaka 11 katika chumba cha rekodi cha kituo cha afya cha umma huku Kisauni, na ombi langu kwako ni moja. Kaunti itakapotangaza nafasi ya mchanganuzi wa takwimu za afya wa daraja la kuanzia, sifa zinazotakiwa ziandikwe na mtu anayeijua kazi yenyewe, na waombaji wapimwe kwa kazi hiyo hiyo.

Mwezi unapokatika, rejista zote huletwa mezani: ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5, ya waliozidi umri huo, ya wajawazito, ya uzazi, ya chanjo. Tunahesabu mstari kwa mstari na kujaza fomu za muhtasari: 705A na 705B za magonjwa, 710 ya chanjo, 711 ya huduma za mama na mtoto, 717 ya wingi wa kazi. Kufikia tarehe 5 ziwe zimefika ofisi ya kaunti ndogo, ziingizwe kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya unaotumia programu ya DHIS2 tangu 2011. Hadi hapo ni kuhesabu tu. Uchanganuzi huanza pale mtu anapoikazia macho namba na kusema: hii haiwezi kuwa kweli.

Tulikuwa na kijana wa kujitolea, mwenye diploma ya rekodi za afya. Siku moja alinionyesha kwamba watoto tuliowaripoti kupata dozi ya tatu ya penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, walikuwa wengi kuliko waliopata ya kwanza. Kwa mwezi mmoja hilo laweza kutokea. Yeye alikuwa amerudi nyuma akakuta miezi mitatu mfululizo. Hakuna aliyemtuma. Asubuhi iliyofuata alikwenda kukaa kwenye benchi la chumba cha chanjo na kumtazama muuguzi akipiga tali, yaani akiweka alama moja kwa kila dozi anayotoa. Mtoto wa wiki 14 huchomwa dozi ya tatu ya penta na pia sindano ya polio, siku hiyo hiyo. Karatasi yetu ya tali ilikuwa fotokopi ya fotokopi, na mstari wa sindano ya polio ulikuwa umefifia hadi hauonekani. Muuguzi, mgeni kazini, alikuwa akiziandika zote mbili kwenye mstari wa penta. Kijana akachukua rula na kalamu nyekundu, akauchora upya ule mstari kwenye kila karatasi iliyobaki.

Huyo ndiye mchanganuzi, Mheshimiwa. Kompyuta ingemwonyesha kwamba namba ina kasoro, lakini kasoro yenyewe ilikuwa kwenye karatasi, na ilihitaji mtu wa kuinuka kitini.

Kuna na mambo ambayo lazima uijue Mombasa ndipo uyaone. Chukua chanjo za Likoni. Mama wa upande wa Kwale, kaunti jirani, akiona kituo cha Likoni kiko karibu, humleta mtoto pale, na hakuna muuguzi mwenye utu atakayemrudisha. Asilimia ya chanjo ni waliochanjwa, juu ya mstari, kugawanywa kwa watoto wanaokadiriwa kuwapo, chini ya mstari. Mtoto huyo anahesabiwa juu, lakini katika makadirio yaliyo chini hayumo, kwa kuwa makadirio hayo yametoka kwenye sensa ya 2019, iliyohesabu watu 1,208,333 wa Mombasa na kuiacha familia yake katika kaunti yao. Ndipo unaposikia kituo kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Asiyejua atadhani wauguzi wanatia chumvi. Anayejua atauliza watoto wanatoka wapi, na huenda akagundua kwamba kituo kinaishiwa dawa kila mwezi kwa sababu kinahudumia watu ambao hakuna aliyewapangia bajeti.

Au chukua homa. Watu wetu hununua maji kwa mikokoteni na kuyaweka kwenye mapipa na mitungi, na mbu wa dengi na chikungunya, anayeuma mchana, hutaga humo humo. Dengi ilitupiga 2013, chikungunya ikatuangusha mwishoni mwa 2017 hadi 2018, watu wakawa wanatembea kwa kuinama kwa maumivu ya viungo. Dalili ya mwanzo huwa imo kwenye fomu zetu: waliopimwa malaria wanaongezeka, waliokutwa nayo hawaongezeki, yaani homa inatokana na kitu kingine. Namba hizo mbili zipo kila mwezi. Anayetakiwa ni mtu wa kuziweka bega kwa bega, kisha apige simu kabla ya wodi kujaa.

Sasa nitazame sifa. Miaka iliyopita niliitwa usaili wa kazi ya aina hii katika ofisi ambayo sitaitaja. Tangazo lilitaka digrii, uzoefu wa miaka 3 na ujuzi wa programu kadhaa za takwimu, kwa kazi iliyoitwa ya kuanzia! Nilikaa mbele ya watu watano kwa dakika ishirini. Waliniuliza dira ya ofisi na udhaifu wangu. Hakuna aliyeniwekea hata karatasi moja ya namba mbele yangu. Yule kijana wa rula hakufika hata hapo, maana miaka yake miwili ya kujitolea haikuwa na barua ya ajira, kwa hiyo ilihesabiwa kuwa si kitu.

Sipingi masomo. Diploma au digrii ya rekodi za afya, takwimu au afya ya jamii inahitajika, na kwa watu wa rekodi ipo sheria ya 2016 inayosimamia usajili wetu. Mwombaji ajue lahajedwali vizuri, ajue kutofautisha idadi na kiwango, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfunga mdomo kuhusu jina la mgonjwa yeyote, hata wa mtaani kwake. Aweze pia kumwandikia msimamizi wa kituo ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kiingereza unaoeleweka. Lakini uzoefu wa miaka 3 uondolewe, au basi muda wa kujitolea na wa kibarua ukubaliwe kwa barua ya msimamizi wa kituo. Vile vyeti vya KRA (ushuru), HELB (mkopo wa elimu ya juu), EACC (maadili na kupambana na ufisadi), CRB (rekodi ya madeni) na cha polisi visidaiwe mapema. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yalishasema mwajiri avitake pale tu anapokusudia kumwajiri mtu. Kijana asiye na kazi hana pesa za kununua karatasi za kazi ambayo hajapewa.

Na usaili uwe hivi: mpe kila mmoja ukurasa wa rejista, karatasi ya tali na fomu ya muhtasari ambazo hazilingani. Mpe saa moja. Utamjua.

Watu wapo, Mheshimiwa. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, makarani wa takwimu waliolipwa na miradi ya VVU walirudishwa nyumbani na ujuzi wao. Wengine wanauza maji, wengine wako kwenye biashara za jamaa zao.

Kijana wetu anaendesha tuktuk ya mtu, Nyali na Bamburi. Mwezi jana, usiku wa tarehe 4, alinipigia simu nikiwa bado nahesabu. Aliuliza kama zile karatasi mpya za tali zimeletwa. Nilimwambia bado, tunaendelea kutoa fotokopi za ile aliyoichora yeye.

Wako mwaminifu,
Mtunza rekodi za afya, Kisauni