Malalamiko: mmebadili ruta bila taarifa, kompyuta za nyumbani haziitani tena kwa majina

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KUBADILISHWA KWA MIPANGILIO YA RUTA YA NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani, Kihonda, Morogoro. Mke wangu ni mwalimu. Mitihani na alama za wanafunzi wake huziweka kwenye kompyuta ya sebuleni, tuliyoipa jina hifadhi.lan, na kila kifaa nyumbani kiliifikia kwa jina hilo. Tangu mliposasisha programu ya ruta mkiwa huko huko ofisini, akiliandika jina hilo kwenye kivinjari anapelekwa kwenye ukurasa wa matangazo.

Kila nikipiga simu naambiwa nizime ruta na kuiwasha. Mhudumu mmoja alidai kompyuta ina virusi. Haina. Naomba barua hii imfikie mtu wa ufundi.

Nikiipima hifadhi kwa ping, amri ya kujaribu kama kifaa kinafikika, kwa anwani yake, 192.168.1.20, inajibu papo hapo. Wi-Fi ni nzima, kompyuta ni nzima. Nikiuliza anwani ya hifadhi.lan kwa nslookup, amri ya kutafuta anwani ya jina, jibu linatoka kwenye seva yenu ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), tena ni anwani ya nje isiyohusiana kabisa na nyumba yangu. Lakini swali hilo hilo nikilielekeza kwa ruta yenyewe, 192.168.1.1, napewa 192.168.1.20. Ruta inayajua majina yote, maana ndiyo inayogawa anwani kwa DHCP, utaratibu unaokipa kila kifaa anwani yake na kukiambia seva ya DNS ya kuuliza. Kilichoharibika ni kimoja: DHCP hiyo sasa inaviambia vifaa vyangu viulize seva zenu, si ruta. Nazo seva zenu zitajuaje kompyuta ya sebuleni kwangu inaitwaje?

Ningerekebisha mwenyewe, ila ukurasa wa DHCP mmeufunga. Fundi wenu alinishauri niandike majina kwenye faili la hosts, yaani orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kila kompyuta. Simu za kawaida haziruhusu hilo, na anwani zikibadilika kazi inaanza upya.

Linaloniumiza zaidi ni faragha. Majina ya vifaa vya familia yangu, yaliyokuwa yakiishia ndani ya nyumba, sasa yanafika kwenye seva zenu kila tunapoyatumia. Na badala ya kujibu kwamba jina halipo, kama DNS inavyotakiwa, mnatupeleka kwenye matangazo. Sikuridhia hayo, wala hakuna aliyeniuliza.

Naomba DHCP irudishwe kuitaja 192.168.1.1 kuwa seva ya DNS, au nifunguliwe ukurasa huo niiweke mwenyewe. Naomba pia mwache kugeuza majibu ya majina yasiyokuwepo, na mtujulishe wateja kabla ya sasisho linalogusa mipangilio yetu. Ikiwa ruta hii haiwezi, niruhusuni nitumie ruta yangu kwenye laini hii hii bila malipo ya ziada.

Nimeambatanisha picha za majibu yote mawili ya nslookup. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
Mteja, Kihonda, Morogoro