Gambiti sio utapeli, waacheni vijana wacheze

Mhariri, naomba nafasi niwajibu makocha wa sataranji wanaosema kufungua mchezo kwa gambiti (yaani kutoa kete mapema kwa makusudi ili upate nafasi ya kushambulia) za ajabu ajabu ni utapeli, eti kijana afungue kama kitabu kinavyotaka halafu asubiri mwenzake akosee. Mimi nakataa kabisa.

Chukulia gambiti ya Halloween. Kila upande umeshatoa farasi wake wote wawili, mchezo umetulia, halafu hatua ya 4 mweupe (mwenye kete nyeupe) anamtuma farasi ale askari wa katikati ambaye analindwa, yaani farasi anaenda kwa askari mmoja tu. Mweusi akimla tu, askari mweupe anasogea anamfukuza farasi wa kwanza, kisha mwingine anasogea anamfukuza wa pili mpaka anarudi alikotokea, sasa mweusi ana farasi mmoja zaidi ila katikati yote ni ya mweupe, na yale aliyokariri hayamsaidii tena, saa inakwenda, lazima afikirie mwenyewe. Utapeli uko wapi hapo jamani? Kila kitu kiko wazi ubaoni.

Hata mabingwa yamewakuta. Mwaka 1980 huko Skara, Uswidi, Tony Miles wa Uingereza akiwa na kete nyeusi alikutana na Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, Karpov akaanza na e4 (askari wa mbele ya mfalme hatua mbili), Miles akajibu a6 (askari wa pembeni kabisa hatua moja), halafu b5 (askari wa jirani yake hatua mbili), katikati kaiacha! Mwanafunzi akicheza hivyo leo atagombezwa papo hapo. Miles alishinda.

Ila kushtukiza peke yake hakutoshi, hapo tuko pamoja. Frank Marshall wa Marekani alimtolea Capablanca wa Kuba shambulio jipya New York mwaka 1918, akatoa askari bure akamvamia mfalme kwa nguvu zote, Capablanca akamla yule askari, akapiga hesabu zake palepale mezani, akajitetea mpaka akashinda. Wengi wanaishia hapo wanasema mnaona, wakati shambulio hilohilo mpaka leo wachezaji wakubwa wa dunia wanalicheza, na wengi wenye kete nyeupe wanabadilisha njia mapema ili wasikutane nalo.

Tatizo ni kijana anayejua mtego tu. Kwenye Halloween mweusi mjuzi hang'ang'anii kete aliyopewa, anairudisha kwa wakati wake, anatoa kete zake nje, na mweupe anabaki hana shambulio. Kwenye mechi ya dakika 3 unaweza kupona, kwenye mechi ndefu umekwisha. Kwa hiyo makocha badala ya kukataza wawachezeshe vijana gambiti hizi pande zote mbili, leo unashambulia kesho unajitetea, hapo ndo watajua ipi inafaa lini na dhidi ya nani.

Na nyie gazetini, mkipata nafasi ukurasa wa michezo, tuchapishieni ule mchezo wa Miles na Karpov hatua kwa hatua tuuchambue.

Msomaji wenu, mpenzi wa sataranji