Kikokotoo hakijui galoni yako ni ya nani

Mhariri,

Vikokotoo vya bure vya kubadilisha vipimo mtandaoni ni nadra kukosea hesabu. Vinajibu sawasawa swali vililoulizwa, hata kama silo ulilokusudia.

Galoni ndiyo inayoponza wengi. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Tangi la galoni 50 litatoka lita 189 au lita 227, na majibu yote mawili yatakaa kwenye skrini bila dosari. Mara nyingi galoni inayojitokeza yenyewe ni ya Marekani, kwa hiyo fungua orodha yote usome jina la kipimo hadi mwisho. Tani ina mtego uleule: kilo 1,000, 907 au 1,016, kutegemea imetoka wapi.

Wengine hushauri uhakiki jibu kwa kuligeuza lirudi lilikotoka. Hilo hukamata tarakimu iliyoandikwa vibaya, basi. Ukichagua galoni isiyo yako kwenda na kurudi, utapata 50 yako ileile na kosa litabaki pale pale.

Kwenye joto, tenganisha kiwango na tofauti. Nyuzi 10 za Selsiasi ni 50 za Farenhaiti: unazidisha kwa 1.8, kisha unaongeza 32. Lakini joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, limepanda kwa 18 za Farenhaiti. Hapo unazidisha kwa 1.8 tu, ile 32 haiongezwi. Vikokotoo vingi havina sehemu ya tofauti, kwa hiyo hesabu hii ifanye kwa mkono.

Muda nao una yake. Anayejaza 7.30 akimaanisha saa saba na nusu za kazi amejipunja: kwa desimali hiyo ni saa 7 na dakika 18. Gawanya dakika kwa 60 kwanza, upate 7.5. Na ile namba ndefu ya kompyuta inayohesabu muda tangu 1 Januari 1970, kwa tarehe za siku hizi ina tarakimu 10 ikiwa ni sekunde, 13 ikiwa ni milisekunde. Kikokotoo kikikuletea mwaka wa elfu hamsini na kitu, futa tarakimu tatu za mwisho.

Kwa mikutano ya mbali, chagua jina la mji, si kifupisho. CST ni saa za kati za Marekani na pia ni saa za China. Kati yake kuna saa 14. Jaza na tarehe ya mkutano wenyewe, maana London na New York hupishana saa 5 sehemu kubwa ya mwaka, ila kwa wiki kadhaa za Machi ni saa 4, kwa kuwa hazisogezi saa siku moja.

Nanyi wahariri, mnapotafsiri habari za nje, chapisheni kipimo cha asili kwenye mabano kando ya kile mlichobadilisha, na mseme ni galoni au tani ya wapi.

Msomaji wenu