Tuta la greda ndo linaloua barabara ya mgodi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni dereva wa tipa huku Ruangwa, nabeba mawe ya kinywe, yale madini ya ndani ya penseli, huu mwaka wa sita sasa. Kilichonifanya niandike ni kwamba kila masika yakianza hapa saiti utasikia wimbo uleule, barabara imeharibika kwa sababu magari mazito. Jamani, magari ni yaleyale ya mwezi wa tisa, na mzigo uleule, mbona mwezi wa tisa barabara ilikuwa safi tu?

Shida ni maji hayana pa kutokea, na tunaoyazibia ni sisi wenyewe na greda letu.

Greda likichonga linasukuma udongo pembeni, linaacha tuta kulia na kushoto. Tuta lenyewe silikatai, kule kwenye mteremko wenye korongo pembeni ni lazima liwepo na lisipungue nusu ya urefu wa tairi la gari kubwa linalopita pale, breki zikigoma ndo linakuokoa. Lakini huku tambarare nako wanaliacha limeungana kutoka mwanzo hadi mwisho bila hata tundu moja, sasa mvua ikipiga maji yanatembea katikati tunapopita sisi alafu mtaro uliochimbwa kwa hela nyingi umekaa mkavu upande wa pili wa tuta. Nimeshuhudia kwa macho yangu, mtaro mkavu na mvua inanyesha!

Dawa yake wala haihitaji bajeti. Kata matundu kwenye tuta, membamba kiasi tairi lisiingie, na kwenye mteremko yakaribiane zaidi maana huko maji yana nguvu, ukiyaacha yatembee mbali yatachimba kabla hujayatoa. Mtaro nao uwe na michepuko ya kuyamwaga, sio yote yasafiri mpaka bondeni yakagonge kalavati moja, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara.

Alafu mgongo. Barabara ya mita 10 katikati inatakiwa iwe juu kuliko kingo kwa kama sentimita 15, maji yakianguka yateremke yenyewe. Ila opareta wengi wanachonga flati kama meza kwa sababu bosi akipita na pikapu yake anafurahi haruki ruki, basi kazi imeisha, mvua ya kwanza tu ushaona madimbwi.

Na hayo madimbwi sasa wanayatibuje, wanamwaga kifusi juu ya maji! Tope limebaki chini, tipa mbili tatu zikipita kifusi kimezama, kesho wanaleta kingine. Toa maji kwanza, chota tope lote, ndo uweke kifusi na ushindilie. Nani anahesabu dizeli tunayochoma kwa kuvutana na tope? Na matairi je, maana tairi lililolowa linakatwa na jiwe kirahisi kuliko likiwa kavu, na mawe yenyewe yamejificha kwenye dimbwi huyaoni. Utelezi wa kinywe kikilowa siusemei, aliyewahi kuupandisha mlima huku akiwa na mzigo anajua.

Kuna jingine linaniuma. Mwaka juzi kalavati moja lilielekezwa kwenye shamba la bibi mmoja jirani, mwezi wa pili ufuta wake bado mdogo ukafunikwa mchanga karibu wote. Alikuja mpaka getini kashika mche mmoja mkononi, akaambiwa aandike barua. Wakati angeulizwa yeye kabla angewaonyesha maji yalikuwa yanapita wapi tangu hapajawa na mgodi, wenyeji wanajua hivyo vitu. Injinia anakuja kiangazi, anapima, anaondoka. Aje siku moja mvua inanyesha, avae buti atembee kwa miguu, barabara yenyewe itamuonyesha palipokosewa.

Na makalavati yawe makubwa jamani. Lenye mdomo wa milimita 600 likiziba unalisafisha vipi? La 900 mtu anaingia na sepetu anatoa uchafu.

Mei 2024 kimbunga Hidaya tulikiona wote, barabara kuu ya Dar ilikatika kule Somanga tukakaa tumekatwa na wenzetu. Ile ilikuwa nguvu ya Mungu siwezi kumlaumu mtu, lakini hii ya kwetu inakatika kwa mvua ya kawaida kabisa.

Saa hizi watu wako kwenye korosho, mvua zetu zinaingia Novemba kuelekea Desemba, kwaiyo muda wa kuzibua ni huu na greda limepaki. Jana nimesimama kuangalia kalavati la kwanza ukitoka getini, limejaa mchanga na majani mpaka nusu, na ile nusu iliyobaki kalala mbuzi.

Dereva wa tipa,
Ruangwa, Lindi