Lawama za usiku wa PT-109 ziiendee topido, si mabaharia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya makala mliyochapa kuhusu boti za Marekani za kurusha topido, yaani makombora yanayojiendesha ndani ya maji, katika Vita Kuu ya Pili, zile zilizojulikana kwa herufi PT. Makala ilikuwa na mengi mazuri, nami nampongeza mwandishi kwa kuyaandika kwa Kiswahili. Ila alipofika kwenye usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Agosti 1943, katika mlangobahari wa Blackett huko Visiwa vya Solomon, aliwatupia mabaharia lawama yote: eti hawakuwa na shabaha, eti walikosa uthabiti. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Ni kweli matokeo yalikuwa mabaya. Boti 15 zilitoka kuzivizia manowari nne za Japani. Zilifyatua topido 30 na hakuna hata moja iliyothibitika kupiga meli. Badala yake manowari Amagiri iliigonga PT-109 ya Luteni John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ikaikata vipande viwili, na watu wawili kati ya 13 waliokuwamo wakafa. Lakini mwandishi hakuuliza hao vijana walipewa silaha gani.

Walipewa topido aina ya Mark 8, mtindo wa zama za Vita Kuu ya Kwanza, uliotolewa ghalani. Kasi yake ilikuwa kama kilomita 50 kwa saa. Manowari walizozivizia zilikuwa zikipita kilomita 55 kwa saa bila shida. Tufanye hesabu kidogo. Ukifyatua topido ile ukiwa umbali wa kilomita moja na nusu, itachukua karibu dakika moja na sekunde 50 kufika. Katika muda huo meli unayoilenga imeshasogea zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa hiyo unalenga maji matupu mbele yake, gizani, ukikisia mwendo wake na uelekeo wake, na nahodha wake akipinda kidogo tu kazi yako yote imekwenda bure.

Tena kuna jambo la mabomba ya kurushia, ambalo makala haikuligusa kabisa. Boti ilibeba mabomba manne ya chuma, mawili kila ubavu. Ndani yalipakwa grisi ili topido iteleze, na fataki ya baruti ndiyo iliyoisukuma nje. Mara nyingine ile grisi ilishika moto. Fikirieni: usiku hauna mwezi, umenyemelea taratibu ili mkondo wa povu nyuma yako usionekane na ndege za adui, halafu unapofyatua tu, moto mwekundu unawaka mdomoni mwa bomba. Ndivyo ilivyoipata PT-159 usiku uleule. Wajapani wakajua mara moja pa kuelekeza mizinga. Na chini ya miguu ya mabaharia kulikuwa na petroli ya ndege, takriban lita 11,000 matangi yakijaa, katika chombo cha mbao.

Nikiwa kwenye mbao, nisahihishe na hili: boti hizi hazikuwa za plaiwudi kama makala ilivyosema. Magamba yake yalikuwa tabaka mbili za mbao za mahogani zilizopishana, katikati kukiwa na turubai lililopakwa gundi. Ndiyo maana kipande cha omo, yaani cha mbele, cha PT-109 kiliendelea kuelea kwa saa kadhaa baada ya kukatwa, na walionusurika wakapata pa kushikilia.

Upungufu wa rada nao usisahaulike. Boti nne tu ndizo zilizokuwa na rada, boti za viongozi wa vikundi. Viongozi walipomaliza topido zao walirudi kituoni, wakaziacha nyingine zikipapasa gizani. Hilo lilikuwa kosa la mipango, na wala si la kijana aliyeshika usukani.

Wenyewe waliokuwa kazini waliujua udhaifu wa silaha zao mapema. Kabla ya kutoka usiku ule, watu wa PT-109 walikuwa wametafuta mzinga wa milimita 37 wa jeshi la nchi kavu na kuufunga juu ya mbao kwenye sitaha ya omo. Baadaye topido za Mark 8 zilibadilishwa kwa Mark 13, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya ndege: haikuhitaji bomba wala baruti, iliviringishwa tu ubavuni ikaanguka majini. Uzito uliopungua ukatoa nafasi ya mizinga zaidi, na mizinga ndiyo iliyofaa dhidi ya matishari ya Kijapani, maana yalielea juujuu mno na topido ilipita chini yake. Kennedy mwenyewe alipopewa chombo kingine, PT-59, mabomba ya topido yalikuwa yameng'olewa yote. Mwezi Novemba 1943 alikitumia kuwaokoa wanamaji wa Marekani waliokwama katika kisiwa cha Choiseul. Na PT-59 hiyohiyo, ilipokuwa bado na topido, ndiyo iliyoizamisha nyambizi ya Kijapani I-3 Desemba 1942. Basi mabaharia wa boti hizi walijua kulenga, pale silaha ilipowaruhusu.

Jambo la mwisho limeniuma zaidi. Makala inasema Kennedy na wenzake kumi waliokolewa kwa msaada wa "wenyeji wawili". Wenyeji hao wana majina. Ni Biuku Gasa na Eroni Kumana, wapelelezi Wasolomoni waliofanya kazi na Arthur Reginald Evans, Mwaustralia aliyejificha katika kisiwa cha Kolombangara akichunguza nyendo za Wajapani. Waliwakuta manusura kisiwani, wakachukua ujumbe ambao Kennedy aliuchonga kwenye kifuu cha nazi, wakapiga kafi katika mtumbwi wao kiasi cha kilomita 60 kupita katikati ya adui hadi Rendova, kisiwa kilichokuwa na kituo cha boti hizo. Wangekamatwa na kifuu kile wangeuawa. Kifuu kinatunzwa leo katika maktaba ya Kennedy huko Boston. Gasa alifariki mwaka 2005, Kumana mwaka 2014.

Makala ilitaja kwa majina maofisa wa Kimarekani na mitambo ya Packard iliyoendesha boti. Naomba katika toleo lijalo mchapishe sahihisho, na majina ya Gasa na Kumana yawemo.

Msomaji wenu,
Tanga