Barua kwa Mwalimu wa yosso

Manchester,
16 Novemba 2025

Swahiba wangu Mwalimu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa ndani ya basi natoka kazini, nikapitiliza kituo changu. Hongera sana, ndugu yangu. Kukabidhiwa timu ya vijana chini ya miaka 20 ya klabu ya Ligi Kuu si jambo dogo, ijapokuwa mwenyewe unasema "wamenipa watoto tu." Neno hilo usilirudie tena, tafadhali. Watoto tu ndio tulivyoitwa sisi.

Unakumbuka zile mechi za utangulizi saa nane mchana? Jua la utosi, majukwaa matupu, na watu wakianza kuingia sisi ndio tunatoka. Misimu miwili mizima kocha wa timu kubwa hakuwahi kukaa kututazama hata dakika kumi. Na siku timu B ilipovunjwa hakuna kiongozi aliyekuja kutuambia. Alikuja mtunza vifaa kudai jezi. Wewe ulivua yako palepale pembeni ya uwanja, ukaikung'uta vumbi, ukaikunja vizuri kama kanzu ya Ijumaa, ukamkabidhi. Mimi yangu niliitupa chini. Miaka yote hii nimekuwa nikikuheshimu kwa kule kukunja.

Umeniuliza wenzetu huku wanafanyaje na timu zao za pili. Viwanja, madaktari, wapishi, hayo yapo na utayasoma popote, sitakuchosha nayo. Nilichokiona mimi kwa miaka niliyokaa mji huu ni kwamba mtoto wa Manchester United anatazamwa. Kuna mtu mwenye uamuzi ambaye jicho lake liko kwake.

Anzia hapa: tangu tarehe 30 Oktoba 1937, United hawajaingia kwenye mechi ya mashindano bila kuwa na angalau mchezaji mmoja waliyemlea wenyewe katika kikosi cha siku hiyo. Vita imepita, ajali ya ndege ya Munich ya 1958 imepita, makocha wamekuja na kuondoka, kamba haijakatika. Desemba 2019 walipocheza na Everton zikatimia mechi 4,000 mfululizo. Kocha yeyote anayekuja, hata awe na jina kubwa namna gani, anaikuta hesabu hiyo mezani na hataki iishie mikononi mwake. Kwa hiyo lazima awajue vijana. Hata akiwa hawapendi, lazima awajue.

Na yule mzee Eric Harrison, kocha wa vijana wa United aliyewalea kina Beckham, Gary Neville, Butt na Scholes! Uwanja wa mazoezi wa zamani, The Cliff, ulikuwa na ofisi yenye dirisha linaloangalia chini uwanjani. Kijana akipiga pasi ya kivivu, mzee anagonga kioo kwa ngumi. Wachezaji wale wamekuwa watu wazima wenye mali na majina, na bado wakihojiwa wanakitaja kile kioo. Vijana wake walichukua Kombe la Vijana la FA, chama cha soka cha England, mwaka 1992, na msimu wa 1995/96, baada ya kuchapwa 3-1 na Aston Villa katika mechi ya kwanza na watu kusema watoto hawawezi kutwaa kitu, wakiwa sasa kwenye timu kubwa wakabeba ligi na Kombe la FA.

Mwezi uliopita nilikwenda Leigh kuwaona chini ya miaka 21. Ni mji mdogo nje kidogo ya Manchester, uwanja wake ni wa watu 12,000, wenyewe hasa ni wa raga. Mvua nyembamba, sisi watazamaji mia chache, kwa hiyo unasikia kila kitu: njumu zikikwaruza majani, kipa akiita jina la beki wake, kocha akisema "tazama kabla hujapokea, tazama kabla hujapokea" mpaka nami nikajikuta nageuza shingo. Kulikuwa na winga mmoja wa kushoto alipoteza mpira mara tatu mfululizo mahali palepale. Mara ya nne akaupokea, hakukimbia, akarudisha nyuma kwa kiungo, akaenda zake kwenye nafasi. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja na daftari la kurasa za mistari, akaandika kitu. Wakati wa mapumziko nilimuuliza, akaniambia anafanya kazi na klabu ya daraja la chini na amekuja kwa ajili ya winga huyo. Kilichomfurahisha ni ile pasi ya nyuma. Fikiria: mtoto amekosea mara tatu, na mtu amesafiri kwenye mvua kuona atafanya nini mara ya nne.

Ila usidhani kila kitu chao ni cha kuiga. Ligi yenyewe ya akiba, ile ya hao chini ya miaka 21, kila timu ikicheza mechi 20 kabla ya mtoano, haina kushuka wala kupanda. Vijana wanacheza na vijana wenzao, mpira mzuri, safi, na mara nyingi hauna makali. Ndiyo maana wanawapeleka pia kwenye lile kombe la klabu za daraja la tatu na la nne, wakapigwe viwiko na wanaume wenye watoto nyumbani. Wahispania ndio walioliweza hili. Timu B ya Barcelona inacheza kwenye madaraja ya kawaida pamoja na klabu za watu wazima, inapanda na kushuka kama nyingine, isipokuwa haiwezi kuingia daraja moja na timu yake kubwa. Msimu wa 2010/11 walimaliza wa tatu daraja la pili na hawakuruhusiwa kupanda. Na kocha Guardiola, kabla ya kupewa timu kubwa ya Barcelona, alianzia hapo 2007/08, daraja la nne, kwenye viwanja vya vijijini. Busquets na Pedro walikuwa kwenye kikosi kile. Julai 2010 wote wawili walianza fainali ya Kombe la Dunia. Ukipata nafasi, wewe nawe watafutie vijana wako mechi na timu za wakubwa za mkoa, zile za askari na za viwandani, hata kama mtafungwa nne.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na nakuandikia kwa sababu litakufikia na huko. Tarehe 11 Mei 2022 nilimchukua mwanangu tukaenda Old Trafford kwenye fainali ya Kombe la Vijana dhidi ya Nottingham Forest. Watu 67,492, kwa mechi ya watoto! Garnacho, winga wa United, alifunga mawili, ikawa 3-1, na pale katikati alikuwapo Kobbie Mainoo, mtoto wa Stockport, miaka 17, anacheza kama ana saa mbili zaidi ya wenzake. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, wale wale wawili wakaifungia United mabao yote ya fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City pale Wembley, 2-1. Mwanangu aliruka akavunja kikombe cha chai na sikumkaripia.

Garnacho sasa yuko Chelsea, ameuzwa Agosti mwaka huu. McTominay, aliyeingia akademi angali mtoto mdogo kabisa, walimuuza Napoli 2024, na msimu wake wa kwanza tu akabeba ubingwa wa Italia na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo imo kwenye vitabu vya mahesabu. Mchezaji uliyemnunua kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, gharama yake inagawanywa milioni 10 kila mwaka. Ukimuuza, lazima kwanza utoe kile kilichobaki. Lakini mtoto uliyemlea hana bei ya kununuliwa kitabuni, kwa hiyo pesa yote anayouzwa inaandikwa faida. Kanuni za fedha za ligi zikibana, mkono wa kwanza unakwenda kwa mtoto wa nyumbani. Siwezi kuliona hilo kuwa haki. Kanuni iliyotungwa ili klabu zisifilisike imemfanya mtoto wa nyumbani awe ndiye rahisi kuliko wote kuondolewa.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujasaini, omba mambo mawili tu, na uombe yaandikwe. La kwanza, vijana wako wawili wafanye mazoezi na timu kubwa kila wiki, na uwachague wewe. La pili, kocha mkuu au msaidizi wake akae kwenye benchi lako walau mechi moja kwa mwezi, aketi, si kupita akielekea kwenye gari. Mengine, chakula, basi, mipira, utayapigania ukiwa ndani, nakujua. Wakikukatalia hayo mawili, nipigie simu kabla hujajibu.

Na yule kipa uliyenitumia video yake, yule mrefu anayedaka penati akiwa amevaa glavu za ujenzi, nimemwonyesha mwanangu, ameicheza mpaka chaji ikaisha. Shemeji yangu anasafiri kuja Tanga tarehe 12 Desemba, ana nafasi ya kilo tano kwenye begi lake. Mpime kijana kiganja, kuanzia ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kifundo cha mkono, unitumie sentimita zake kabla ya Jumamosi, duka hufungwa mapema.

Msalimie mama watoto, na wazee wote wa Ngamiani.

Ni mimi swahiba wako,
Wa Barabara ya Kumi na Mbili